Neno "Boyi" na Maana Zake

1. Safari ya Kitwe

Mtoto mmoja wa Likasi alikuwa na mjomba dereva wa lori. Mjomba huyo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, naye alijua njia zote za Katanga, za lami na za vumbi. Likizo kubwa ilipofika alimwambia dada yake: "Dada, niazime mtoto wako. Nitampeleka Kitwe, naye atarudi na habari." Mama akakubali, akawafungia mihogo ya kuchemsha na karanga.

Wakaondoka alfajiri. Walipita Lubumbashi, mji ulio karibu kilomita 120 kutoka Likasi, wakafika Kasumbalesa penye mpaka. Malori yalikuwa mengi, yamejipanga kama siafu. Wakalala hapo. Siku ya pili wakaingia nchi ya Zambia, wakapita Chililabombwe na Chingola, na jioni wakafika Kitwe.

Kesho yake mtoto alizunguka sokoni pamoja na mjomba. Akasimama mbele ya meza ya kijana mmoja mwenye kuuza viatu. Kijana akacheka kwa uso mwema, akamsalimu kwa Kibemba, na mwisho wa salamu akatia neno moja ambalo mtoto alilijua sana. Alimwita "boyi".

Mtoto akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akasema kwa ukali:

"Mimi si boyi! Boyi ni wewe!"

Kijana hakujua Kiswahili. Katika maneno yale yote alisikia moja tu, "boyi", akafurahi kabisa. Akamshika mtoto mkono, akautikisa sana, akampa na kamba za viatu bila kudai malipo.

Mtoto akaduwaa. Amemtukana mtu, na mtu amempa zawadi!

Mjomba alicheka hata machozi yakamtoka. Kisha akasema: "Mwanangu, umekasirika bure. Hapa 'boyi' ni rafiki, mwenzako wa rika moja. Kijana huyu amekuita rafiki, nawe umemjibu kwamba rafiki ni yeye. Ndiyo sababu amefurahi."

"Lakini mjomba, kwetu boyi ni mtumishi. Babu hataki mtu alitaje neno hilo nyumbani."

Mjomba akaacha kucheka. "Kweli," akasema. "Na sababu yake naijua mimi kuliko watu wote. Nitakuambia njiani."

2. Habari ya babu

Walipokuwa wakirudi, lori lilisimama tena katika mstari wa Kasumbalesa. Mjomba akazima mtambo, akaanza kusimulia.

"Babu yako alizaliwa mwaka wa 1940. Alipokuwa na miaka 16 alipata kazi katika nyumba ya Bwana mmoja Mzungu, pale Likasi. Wakati ule mji wetu uliitwa Jadotville. Alianza kwa kuosha sahani. Baadaye alijua kupiga pasi, kuoka mkate na kupika vyakula vya Kizungu vya kila namna. Kazi yake ilikuwa safi, wala hakuwahi kuvunja sahani makusudi wala kuiba hata kijiko cha sukari. Lakini katika nyumba ile hakuwa na jina. Bwana alimwita 'boyi'. Bibi alimwita 'boyi'. Hata mtoto wao wa miaka mitano alisimama mlangoni na kupiga kelele, 'Boyi! Lete maji!' Naye babu yako alijibu, 'Ndiyo, Bwana.'

"Mwaka wa 1961 alioa. Yeye na bibi yako walikaa katika boyeri, yaani kile kijumba kilichojengwa nyuma ya nyumba kubwa kwa ajili ya watumishi. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Mtoto alikua akicheza uani. Mchana kutwa alisikia sauti zikiita, 'Boyi! Boyi!' na kila mara alimwona baba yake akikimbia. Basi jioni moja babu yako alirudi kijumbani amechoka, akaketi. Mtoto akamwendea, akamshika goti, akamwambia: 'Boyi, nipe maji.'"

Mjomba akanyamaza kidogo.

"Babu yako hakumpiga. Alimpa maji. Kisha akamweka mapajani, akamtajia jina lake lote, jina alilopewa na wazazi wake, na jina la baba yake, na la babu yake. Akamwambia, 'Hayo ndiyo majina yangu. Na wewe una jina moja zaidi la kuniita, ambalo watu wa nyumba ile kubwa hawawezi kulitumia. Niite baba.' Usiku ule alimrudisha mtoto mara nyingi, hata neno likakaa kinywani mwake."

"Na mtoto yule yuko wapi sasa?" akauliza mpwa wake.

"Anaendesha lori hili," akajibu mjomba.

3. Neno lilitoka wapi?

Masomo yalipoanza tena, mtoto alimwuliza mwalimu wake: "Mwalimu, neno moja linawezaje kuwa tusi huku na urafiki kule?" Mwalimu aliona kwamba swali ni zuri, akalifanya kuwa somo la darasa zima. Haya ndiyo aliyowafundisha.

"Boyi" ni neno la Kiingereza, "boy". Leo kila mtu akijifunza Kiingereza huambiwa kwamba maana yake ni mtoto wa kiume. Lakini zamani, miaka 700 hivi iliyopita, Waingereza walilitumia kwanza kwa mtumishi, au kwa mtu wa chini asiye na cheo. Maana ya mtoto wa kiume ilifuata nyuma. Kwa hiyo utumishi haukuongezwa juu ya neno hili katika Afrika. Ulikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Wala Waingereza si peke yao. Mataifa mengi yamechanganya mtoto na mtumishi katika neno moja. Katika Kilatini "puer" ni mtoto wa kiume, na tena ni mtumwa. Katika Kiyunani "pais" ni hivyo hivyo. Ndiyo maana katika Injili ya Mathayo, sura ya 8, yule mkubwa wa askari anapomwombea mgonjwa wake, neno la Kiyunani laweza kusomwa kama mtoto au kama mtumishi. Lakini Luka, sura ya 7, ametumia neno lililo wazi, mtumwa. Wafaransa nao humwita mtoto wa kiume "garçon", na jina hilo hilo walimwita mtu anayeleta vyakula mezani katika hoteli. Hata katika Kiswahili watu husema "msichana wa kazi" juu ya mama mwenye watoto wanne.

Sababu ya mchanganyiko huu si ngumu kuiona. Mtoto hutumwa, na mtumishi hutumwa. Mtoto hajibishani na wakubwa, na mtumishi hatakiwi kujibishana. Lakini kuna tofauti moja kubwa: mtoto hukua. Mtu akiitwa mtoto hata uzeeni, ni kama kuambiwa kwamba hatakua kamwe.

Baadaye Waingereza walisafiri na neno lao. Katika India waliwaita watumishi wao "boy". Huko kusini mwa India kulikuwa pia na jamii ya wachukuzi wa machela iliyoitwa Boyi. Jina hilo halikutoka katika Kiingereza. Lakini masikioni mwa Waingereza maneno hayo mawili yalichanganyika. Wafaransa nao walilichukua "boy" katika makoloni yao, na Wabelgiji wakafanya vivyo hivyo katika Kongo.

Katika Katanga neno liliingia kwa milango miwili. Mlango mmoja ulikuwa Kifaransa cha Wabelgiji. Mlango wa pili ulikuwa reli. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na mwaka wa 1910 gari la moshi lilifika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, likitoka kusini kupitia Rodezia. Wafanyakazi wengi wa kwanza wa migodi walitoka nchi zile zilizotawaliwa na Waingereza, na Wazungu wengi wa siku zile katika Katanga walisema Kiingereza. Ndiyo sababu mpaka leo watu wa Katanga huita kitabu "buku", neno la Kiingereza, ijapokuwa waliotawala nchi walisema Kifaransa.

Wabelgiji waliongeza mambo yao. Kijumba cha mtumishi walikiita "boyerie", ndiyo "boyeri" ya Likasi. Mtumishi wa kike walimwita "boyesse". Hapo wanafunzi walicheka, kwa sababu walimchukua mtoto wa kiume wa Kiingereza, wakamtia mkia wa Kifaransa, akawa mwanamke!

4. Neno moja, kazi nyingi

Kisha mwalimu aliandika ubaoni matumizi ya neno hili mahali mbalimbali.

Katika Likasi na Lubumbashi, boyi ni mtumishi wa nyumbani. Katika lori, msaidizi wa dereva ameitwa "boy-chauffeur", hata akiwa baba wa watoto.

Katika Tanzania, msaidizi wa lori huitwa taniboi, au utingo. Mtumishi wa nyumbani ni hausiboi.

Katika Kenya, mlima bustani ameitwa shambaboi. Na pwani ya Mombasa, kijana anayewafuata watalii mchangani ili awauzie vitu huitwa bichiboi.

Katika Zambia, kijana anayewaita abiria kituoni huitwa "call boy". Lakini vijana wakiitana wao kwa wao, boyi ni rafiki.

Katika migodi ya Afrika ya Kusini na ya Rodezia, msimamizi Mwafrika aliitwa "boss boy". Tazameni ajabu hii: "boss" ni mkubwa, na "boy" ni mdogo. Walimpa ukubwa kwa mkono mmoja, wakamnyang'anya kwa mkono wa pili.

Katika Marekani, mchunga ng'ombe huitwa "cowboy", ingawa ni mtu mwenye ndevu. Filamu za wachunga ng'ombe hao zilifika Kinshasa, na katika miaka ya 1950 vijana wa mji ule walizipenda mno. Walivaa kama wachunga ng'ombe, wakajiita "Bills" kwa kufuata jina la Buffalo Bill, wakajitungia hata lugha yao ya mitaani, iliyoitwa Hindubill.

Katika Uingereza, "old boy", yaani mtoto mzee, ni mtu aliyesoma zamani katika shule fulani. Na mtu akishangaa aweza kusema "Oh boy!" bila kumwita mtu yeyote. Ni kama Mswahili anavyosema "Lo!"

Wako pia waandishi waliolitia neno hili katika majina ya vitabu vyao, ili watu wafikiri. Mwaka wa 1946 Peter Abrahams wa Afrika ya Kusini alitoa kitabu kiitwacho "Mine Boy", habari ya mfanyakazi wa mgodini. Mwaka wa 1956 Ferdinand Oyono wa Kameruni alitoa "Une vie de boy", habari ya mtumishi katika nyumba ya Mzungu.

5. Watu waliokataa

"Je, watu waliitika tu siku zote?" akauliza mwanafunzi mmoja.

La. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, Patrice Lumumba alitoa hotuba mbele ya mfalme wa Wabelgiji. Kati ya machungu aliyoyataja lilikuwamo jambo ambalo wengine wangeliona dogo: kwamba Mwafrika alisemeshwa kwa "tu". Katika Kifaransa "tu" ni neno la kumwambia mtoto au rafiki wa karibu, na "vous" ni neno la heshima. Mwafrika aliambiwa "tu", lakini si kwa urafiki. Lumumba alijua kwamba neno dogo likirudiwa kila siku huwa mzigo mkubwa.

Mwaka wa 1968, katika mji wa Memphis huko Marekani, wazoa taka 1,300, watu weusi, waliacha kazi baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Walidai mshahara wa haki na usalama. Lakini vibao walivyobeba barabarani havikutaja fedha. Viliandikwa maneno machache tu, ambayo maana yake ni: Mimi ni mwanamume. Waliandika hivyo kwa sababu watu weusi wa nchi ile, hata wazee wao, walikuwa wamezoezwa kuitwa "boy". Martin Luther King alikwenda kuwasaidia, na huko Memphis aliuawa tarehe 4 Aprili 1968.

Na tarehe 16 Juni 2011, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva Mkataba wa 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Mkataba huo wasema kwamba mtu apikaye, afuaye na aleaye watoto katika nyumba ya mwingine ni mfanyakazi kamili kama wengine. Anastahili kupumzika saa 24 mfululizo kila juma. Tazameni jina lake katika mkataba: mfanyakazi wa nyumbani. Halimwiti mtoto, wala halimwiti mali ya mtu.

6. Namna ya kulipima neno

Mwaka wa 2006 neno "boy" lilifika hata mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku katika jimbo la Alabama walisema kwamba msimamizi wao Mzungu aliwaita "boy". Mahakama ya chini ilikuwa imesema kwamba neno hilo likisimama peke yake halina ubaya. Mahakama Kuu ilikataa. Ilisema kwamba si kila mara neno hilo ni la dharau, wala si kila mara halina dharau. Yafaa kutazama mambo kadhaa, na mwalimu aliyaandika hivi kwa wanafunzi wake:

Kwanza, limesemwa katika hali gani, na nani amemwambia nani?
Pili, limetamkwa namna gani?
Tatu, sauti ilikuwa ya upole au ya dharau?
Nne, desturi ya mahali pale ni nini?
Tano, neno limetumiwaje tangu zamani?

"Sasa mpimeni yule kijana wa Kitwe," akasema mwalimu.

Wanafunzi wakapima. Kijana alimwambia mtoto kama mwenzake. Uso wake ulicheka. Desturi ya kwao ni kuitana hivyo kwa urafiki. Basi hakutukana.

"Na yule aliyemwita mpishi wa miaka 25 'boyi', mchana kutwa, bila kuuliza jina lake?"

Darasa likanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuhesabu mpaka tano.

"Na ninyi?" akauliza mwalimu. "Mzee anayelinda lango usiku, mama anayefua nguo kwa jirani, kijana anayesukuma mkokoteni, mnawaitaje?"

Hapo wengine waliinamisha vichwa. Mwalimu akawaambia: "Kupika si aibu, wala kufua si aibu. Aibu ni kukaa na mtu mwaka mzima usijue jina lake. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

7. Kwa babu

Jumapili ile mtoto alikwenda kumwona babu yake. Alimkuta ameketi kivulini, mbele ya mlango. Akamsimulia habari za Kitwe, kijana wa viatu, na zile kamba alizopewa kwa sababu ya tusi lake.

Babu alisikiliza bila kusema neno. Mtoto akaogopa kwamba amemkasirisha. Lakini mwisho babu alianza kucheka, polepole, mabega yakitikisika.

"Kumbe kule wanaitana marafiki kwa neno hilo!" akasema. "Basi limekwenda kuoga. Vema, lioge. Lakini hapa nyumbani bado lina harufu."

Ndipo mtoto akatoa daftari na kalamu yake. "Babu," akasema, "nitajie majina yako yote, na ya baba yako, na ya babu yako. Nataka kuyaandika."

Babu akajiweka sawa kitini, akayataja moja moja, na mtoto akayaandika yote, bila kosa.

Maneno ya kujua

Mpwa: mtoto wa dada yako.
Machela: kitanda cha kumchukulia mtu mabegani.
Kuduwaa: kushangaa hata kukosa la kusema.
Dharau: kumwona mtu kuwa si kitu.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa.

Maulizo

1. Kwa nini kijana wa Kitwe alifurahi alipojibiwa kwa ukali?
2. Babu alifanya nini mtoto wake alipomwita "boyi"? Kwa nini hakumpiga?
3. Neno "boy" liliingia Katanga kwa milango gani miwili?
4. Wazoa taka wa Memphis walidai mshahara na usalama. Mbona vibao vyao havikutaja fedha?
5. Eleza maana ya maneno ya babu: "Limekwenda kuoga, lakini hapa nyumbani bado lina harufu."
6. Tafuta neno jingine la mtaani kwenu lenye maana mbili, moja ya urafiki na moja ya dharau. Lipime kwa yale maulizo matano.
7. Kazi ya nyumbani: uliza jina kamili la mtu mmoja unayemwona kila siku bila kujua jina lake. Kesho msalimu kwa jina hilo.